Banda la Bwana Mbweha

Hapo zamani za kale, wanangu, kuku walipokuwa bado wanajitegemea porini, aliishi mama mmoja mwenye shingo isiyo na manyoya, jina lake Bi Kishingo. Alikuwa na vifaranga, na hakuwa na raha hata kidogo. Mara aangalie juu, mwewe asije akashuka. Mara aangalie vichakani. Hata akilala, jicho moja lilibaki wazi.

Tena watoto wenyewe walikonda. Walikula kutwa nzima wala hawakunenepa, mabawa yameshuka. Bi Kishingo aliijua shida: minyoo. Walilala chini kwenye unyevu, wakadonoa palepale walipochafua. Walihitaji banda la juu, na kuku hashiki shoka.

Asubuhi moja kichaka kikafanya chakacha, akatokea Bwana Mbweha. Akasalimia kwa adabu zote kama mtu aliyekuja kuposa, kisha akasema amekuja kula.

Moyo wa Bi Kishingo ukaenda pu, pu, pu. Akawafunika watoto wake.

"Karibu, Bwana Mbweha. Ila hawa wana minyoo. Ukiwala, yote inahamia kwako."

Minyoo ilikuwa kweli, ila hiyo ya kuhamia aliitunga papo hapo. Mbweha akacheka. Lakini tumbo lake lenye njaa likanguruma ngurungu, naye akaacha kucheka. Akauliza dawa.

Akaambiwa ni maji ya majani ya mwarobaini, pamoja na banda kavu juu ya nguzo, kinyesi kidondoke chini. Wakishanona, aje ajilie.

"Na Fisi je?" Mbweha akauliza. "Niwanoneshe mimi, ale yeye?"

"Basi jenga mahali Fisi asipofika."

Mbweha akamwendea Fisi, akamwambia kwa maneno matamu kwamba hakuna anayeruka kama yeye. Fisi, kwa kupenda sifa, akaruka hop! Mbweha akaweka alama kwenye mti pale Fisi alipofikia, akaongeza kidogo, akajenga juu ya hapo.

Alifanya kazi mpaka ulimi ukaning'inia. Alichuma mwarobaini, alimfukuza mwewe. Bi Kishingo alimzunguka bila kutulia: tundu hili kubwa, kicheche atapenya, mlango huu utiwe komeo kwa ndani, upepo mkali, ngazi iwe nyepesi, watoto wadogo. Kila alipomwona akimeza mate, alipatwa na hofu upya. Je, akichoka kungoja?

Vifaranga wakapona, wakanona, manyoya yakang'aa. Jioni moja Mbweha akaja amebeba chungu. Akakuta mlango umefungwa na ngazi imevutwa ndani.

Akaruka. Puu! Akaanguka chali. Akaruka tena. Puu!

"Bi Kishingo, nishushie ngazi."

"Nitashushaje, bwana? Si tulikubaliana Fisi asifike huku?"

"Mimi si Fisi!"

"Naona. Fisi anaruka juu kuliko wewe."

Mbweha akatazama nguzo alizozisimika mwenyewe, nene, ngumu, zimeshindiliwa vizuri. Akaokota chungu chake, akaondoka bila kuaga. Na Bi Kishingo, kwa mara ya kwanza tangu aatamie mayai ya watoto wale, akafumba macho yote mawili.

Basi hapo ndipo hadithi yangu inapotua, wanangu: Mbweha alishindwa na uchoyo wake, maana alivyomkomoa Fisi ndivyo alivyojikomoa mwenyewe.