Picha ya Afande Kiboko

Hadithi ipo?
Ipo, ilete.
Ikiwasha?
Tutaikuna.

Hapo kale Kaunti ya Mbugani ilikuwa na idara yake ya polisi, na idara ilikuwa na historia yake. Mkuu wa kwanza alikuwa Kobe. Alifika kwenye kila tukio, ila alipofika mwizi alikuwa ameshazeeka. Akaja Twiga. Aliwaona wezi wote kutoka mbali, lakini kuinama awakamate kulimuumiza shingo. Akaja Kifaru, aliyemkamata yeyote aliyesimama mbele yake, mara nyingi mlalamishi. Na kila mkuu, siku ya kuondoka kazini, alitundika picha yake kwenye ukuta wa kituo, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya gwaride. Picha ikishapanda haishuki.

Kisha akaja Kiboko. Siku Kifaru alipotundika yake, Kiboko hakuwa gwarideni. Alikuwa stoo ya ushahidi, akionja.

Akaendelea kuonja. Asali ikiibwa, mwizi anakamatwa, asali inawekwa stoo, Kiboko anafunga mlango: nyam, nyam, nyam. Mwizi anaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Ndizi zikiibwa, mwizi anakamatwa, ndizi zinawekwa stoo, Kiboko anafunga mlango: nyam, nyam, nyam. Mwizi anaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Na raia wakaambiwa washukuru, maana wanaokamatwa wanazidi kuongezeka.

Siku moja Ngedere akamwibia Bi Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, kikapu chake cha mbegu za kunde. Ngedere akakamatwa, kikapu kikaenda stoo. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Bila mbegu, watoto wa Bi Pimbi wangelala njaa msimu mzima.

Bi Pimbi akaenda kituoni, tipu tipu tipu.

"Afande, naomba kikapu changu. Mvua iko karibu."

"Mama, uchunguzi unaendelea," akasema Kiboko, midomo ikimetameta asali. "Rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo kitakuwepo?"

"Unanifundisha kazi?"

Bi Pimbi akageuka. Akautazama ukuta, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Nini?" akauliza Kiboko.

"Si kitu, Afande. Ila Kobe yupo. Twiga yupo. Hata Kifaru, aliyemkamata mama mkwe wake, yupo. Wewe uliye mkubwa kuliko wote hupo. Mgeni akija atadhani kituo ni cha Sajini Kanga."

Sajini Kanga, naibu wa Kiboko, akaanza kuchunguza dari.

Kiboko akavimba. "Nani kaniacha nje?"

"Sijui, Afande. Labda wanasubiri uombe."

"Mimi? Niombe?"

Picha ikachorwa, pana hadi ikaziba dirisha. Asubuhi gwaride likapangwa, raia wakaja, ngoma zikalia. Kiboko akagonga msumari mwenyewe, ko, ko, ko, akaitundika. Raia wakashangilia kuliko alivyotarajia, hata akafuta machozi.

"Gwaride," akanguruma, "mguu sawa."

Hakuna aliyesogeza hata ukucha.

"Sajini, hawa wamekuwa viziwi?"

"Hapana, mzee," akasema Sajini Kanga. Mzee, si Afande. "Wanasubiri amri ya mkuu. Wewe umeshaondoka."

"Nimeondoka lini?"

"Sasa hivi. Umeitundika mwenyewe, sote tumeona. Kwani siku ya Kifaru ulikuwa wapi?"

Kiboko akaigeukia picha yake.

"Basi ishusheni."

"Ikishapanda haishuki," likaitikia gwaride, wakaitikia raia, akaitikia hata Ngedere kutoka selo.

Kiboko akakimbilia mtoni, akajitosa, chubwi. Hadi leo mchana hutoa macho tu juu ya maji, aone kama bado kuna anayemcheka. Wapo.

Sajini Kanga akafungua stoo. Kikapu kilikuwa pale, hakijaguswa. Akazitazama zile kunde, akazitazama tena, akameza mate.

"Afande," akasema Bi Pimbi kwa upole, "ukuta bado una nafasi."

Akapewa kikapu chake saa ileile.

Funzo ni hili, wenzangu: polisi hali ushahidi, ushahidi hupungua wenyewe kwa aibu. Na raia mwema haulizi maswali kituoni. Huwasifu wakubwa, tena huwaombea picha kubwa.

Hadithi yangu imevua viatu, imeingia ndani kulala. Mwenye swali aende kituoni, ataambiwa uchunguzi unaendelea.