Chupa Iliyokaa Kabatini

Mkulima mmoja wa tangawizi, na msiniulize ni wa kijiji gani maana mtaanza kumtafuta kwa macho humu kanisani, alikuwa na pikapu kuukuu na binti mmoja. Pikapu ilikuwa uani. Binti alikuwa mjini, anauza spea za magari, na miaka ilikuwa imepita hajapanda mlima kumsalimu baba yake. Hawakuwa wamekosana, ni kazi tu haikumpa nafasi. Wengi wenu mna watoto wa namna hiyo, na simu ikilia mnakimbia mpaka kandambili zinabaki nyuma.

Mara ya mwisho alipokuja, binti aliisikia stelingi ya pikapu ikilia kwenye kona. Akafungua boneti, akakuta kikopo cha oili ya stelingi kinakaribia kukauka. Aliporudi mjini akatafuta oili iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kile kikopo, ileile, si dada yake wala binamu yake, akaituma kwa basi. Kisha akapiga simu, akamweleza baba yake kwamba fundi abadilishe mpira unaovuja, amwage oili yote ya zamani, ndipo aweke hiyo peke yake, asiichanganye na kitu. Na kila akitaka kushuka mlima, baba afungue boneti kwanza aangalie kama imepungua.

Mzee akaipokea ile chupa kwa mikono miwili, akaifuta vumbi. Mnadhani aliipeleka kwa fundi? Aliipeleka sebuleni. Akafungua kabati la vioo, akaiweka katikati ya glasi za harusi na sahani za wageni, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mkewe. Mgeni akija, kabla hata chai haijamiminwa, anaonyeshwa chupa.

Mkewe alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. "Baba Namkunda," akasema, "hiyo ni oili. Haikutumwa ije kula sikukuu na sahani zangu."

Mzee akajibu taratibu, "Mkono wake umeshika hapa. Nikiimimina, nitabaki na nini?"

Mnacheka. Haya, chekeni. Lakini mzee yule alikuwa na hamu, na hamu haichekwi. Jioni alikigeuza kiti chake kikatazama kabati. Masika ilipokata barabara na mtandao wa simu ukapotea, ile chupa ndiyo ilikuwa binti.

Ila pikapu haina habari na hamu ya mtu. Tangawizi inataka kushuka sokoni. Stelingi ilipolia, mzee aliipa alichokuwa nacho, kwanza oili chafu iliyomwagwa kutoka injini ya jirani. Ilipolia tena akaimiminia oili ya breki iliyokuwa imebaki kwenye kopo. Fundi alimwonya kwamba stelingi hainywi kila kinachomiminika, kwamba oili ya breki itaivimbisha mipira ya ndani mpaka iharibike kabisa. Mzee akamjibu kwamba oili ni oili.

Basi siku moja asubuhi binti akapiga simu akiwa safarini. Amepata kazi ya mkataba ng'ambo, anakwenda kupanda ndege, na basi litasimama pale chini kwenye lami ili abiria wale chakula.

"Baba, shuka nikuone kabla sijaenda."

Mzee akavaa koti lake la kanisani. Mkewe akapanda naye, kuku kwapani, kama vile ndege hupakia kuku. Kona ya kwanza stelingi ikalia. Kona iliyofuata usukani ukawa mzito kama kinu. Walipofika kona ile ya mwisho, inayotazama lami, oili yote ilikuwa imemwagika barabarani. Mzee akavuta kwa mikono miwili, mkewe akatupa kuku akavuta naye, usukani ukagoma kumaliza kona. Pikapu ikaenda mbele moja kwa moja, ikalalia ukuta wa mlima.

Hawakuumia. Lakini pale walipo wanaliona basi kule chini, dogo kama kiberiti, na watu wanashuka. Kwa miguu ni mwendo mrefu wa kuzunguka. Bodaboda zote zilikuwa gulioni, upande wa pili wa mlima.

Simu ikalia. Mzee akaeleza kwamba stelingi imegoma, wapo juu tu hapo, wanaliona basi. Binti akauliza, "Baba, ile oili uliiweka?"

"Ninayo, mwanangu. Nimeitunza vizuri. Hata kufunguliwa haijafunguliwa."

Yule binti akasema, "Baba, sikukutumia unikumbuke. Nilikutumia ufike."

Basi likapiga honi. Wakasimama kando ya pikapu wakaliangalia likienda, mpaka mashamba ya mkonge yakalificha.

Naona sasa mnamhurumia. Bakizeni huruma kidogo kwa ajili yenu wenyewe. Nani humu hana kabati la namna ile? Biblia ya harusi imefunikwa kitambaa, kurasa bado zimegandana, na mchungaji akija kunywa chai tunamwonyesha. Tunaimba kwamba tuna hamu ya kumwona Bwana, machozi yanatudondoka mpaka kwenye khanga. Lakini ametuambia tumsamehe jirani, na sisi neno hilo tumeliweka kati ya glasi, halafu nyumbani tunamimina umbea na vinyongo kwa sababu ndivyo vilivyo karibu. Nyumba zetu zinalia kwenye kila kona. Tunazisikia, tunapandisha sauti ya wimbo.

Hamu tunayo, ndugu zangu, nani atasema hatuna? Mzee naye alikuwa nayo, ilijaa pikapu nzima, na kona haikukatika. Kumlilia Bwana hakuzungushi usukani. Alichotutumia kifunguliwe, kimiminwe, kiingie ndani kwenye giza na joto, ambako hakuna mgeni wa kukisifu.

Nendeni mkafungue makabati. Basi bado limesimama, watu wanakula. Lakini watu wanaokula humaliza.