Wakili wa Milango Miwili

Sogea karibu. Na wewe unayetafuna muwa, malizana nao kwanza, maana hadithi hii ina njaa yake ya kutosha.

Palikuwa na ukame. Sisemi mvua ilichelewa wiki mbili watu wakaanza kulia. Nasema ukame wenyewe, wa vyura kusahau kuimba. Mto ulibaki mchanga mtupu. Maji yalipatikana mahali pamoja tu, kwenye kisima alichochimba Bi Mhanga. Mhanga mnamjua, yule mwenye pua ndefu na masikio kama ya punda, ambaye tangu azaliwe hajui kazi nyingine ila kuchimba. Alichimba siku tisa kwenye korongo kavu mpaka kucha zikaanza kuuma, na siku ya kumi maji yakatoka. Akamwita mwanawe aje anywe.

Mwana hajameza funda la pili, Mzee Ngiri akatokea, mkia wima. Ngiri si mbaya, ila ni mkaidi. Akishasema jambo, hata yeye mwenyewe hawezi kujibadilisha.

"Bi Mhanga, shikamoo sina, maana umeingia shimoni mwangu," akasema.

"Mwako tangu lini? Nimechimba mimi."

"Sijakataa. Mhanga huchimba, ngiri huingia. Babu yangu aliishi kwenye shimo la mhanga, baba yangu vilevile, na mimi nimezaliwa humo. Sasa leo unataka kuvunja mila?"

Wakabishana mpaka habari zikamfikia Simba, mfalme. Simba akaamuru kisima kifunikwe kwa miiba, asinywe mtu mpaka kesi iishe. Mtoto wa Mhanga akabaki kulamba umande kwenye majani kila asubuhi, na umande wenyewe ulikuwa unapungua. Mama yake alikuwa akimtazama mbavu na kuhesabu siku.

Sasa nikueleze baraza la Simba lilivyokuwa, maana bila hivyo hutaelewa upuuzi wote uliofuata. Zamani babu yake Simba alikuwa akikata kesi huku akiwatazama wenye shauri. Siku moja akaletewa pundamilia amenona. Babu akatazama, akatazama, akasahau kesi, akamla mlalamikaji. Aibu kubwa. Tangu hapo ikawekwa sheria: mfalme huketi ameupa mgongo uwanja, na wenye shauri hubaki nje ya boma la miiba, ambako hawasikii yanayosemwa ndani, mmoja mlango wa mashariki, mwingine mlango wa magharibi. Wanaoingia ni mawakili peke yao. Na hukumu ikitoka, kila wakili husimama mlangoni kwa mteja wake, wamefungwa pamoja kwa kamba ya mkwaju, ili wakishindwa washindwe wote.

Na uwakili haukuwa wa kila mtu. Kanuni ilisema: asiye na chonge wala pembe haongei mbele ya mfalme. Sungura aliomba mara tatu. Mara ya kwanza wakamwambia hana chonge. Mara ya pili wakamwambia masikio yake yanaondoa heshima ya baraza. Mara ya tatu wakampa ufagio. Basi akawa anafagia uwanja kabla ya kikao na baada ya kikao, na wakati wa kikao anafukuzwa.

Mawakili walikuwa watatu: Nyati, Chui na Fisi. Ukame ulipokaza, Nyati akahamia mbali na kundi lake, Chui akaenda ukweni usiku bila kuaga mtu, na hakurudi. Akabaki Fisi. Ah, Fisi! Kinywa kile hata akikusalimia kinatoa mate.

Bi Mhanga akamwendea. "Baba Wakili, mwanangu anakauka. Nisemee."

"Mama, usilie, mimi nina mtoto pia," akasema Fisi, ambaye hakuwa na mtoto. "Ila ujue Ngiri amemchukua Chui, na Chui ni hatari. Kila kikao nitahitaji mfupa mmoja, wa uboho. Na siku ya hukumu, mkia wa pofu, yule swala mkubwa."

Mhanga mchimbaji, mifupa ya zamani aliijua ilipozikwa. Akakubali.

Jua halijasogea, Ngiri naye akafika kwa Fisi. "Mhanga amemchukua Chui," Fisi akamwambia kwa huzuni nyingi. "Na nimesikia anataka kukifukia kile kisima, heri wakose wote. Kila kikao nipe ubavu. Siku ya hukumu, paja." Wanyama walikuwa wakifa kwa kiu kila kona, kwa hiyo Ngiri hakukosa nyama. Akakubali.

Kesho yake Fisi akamwambia Mhanga kuwa Ngiri ndiye anayetaka kukifukia kisima. Kwa nini asiseme? Uongo ulikuwa palepale, umeshapikwa.

Basi kikao kikaanza. Fisi akaingia mlango wa mashariki, akasema kwa sauti nyembamba, "Bwana Mfalme, namsemea Bi Mhanga." Akakimbia upande wa pili, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Na mimi Chui, namsemea Mzee Ngiri." Simba, mgongo umenyooka, manyoya yamechanwa, akatikisa kichwa kwa kiburi. Alipenda kusikia mawakili wakubwa wakigombana nyuma yake.

Wakagombana kweli. Fisi alijitukana akajijibu. Alijiita mwongo, akajitaka radhi, akajisamehe. Kila ilipokaribia hukumu, sauti moja ilisema, "Naomba kesi iahirishwe, shahidi wangu ana arusi," na sauti ya pili ikasema, "Sina pingamizi, Bwana." Mawakili waliopatana hivyo hujawahi kuwaona. Kesi ikaahirishwa mara sita. Fisi akanenepa. Mtoto wa Mhanga akaacha kusimama.

Baada ya kikao cha sita Sungura akaingia na ufagio wake. Akainama kufagia, akasita. Mchangani palikuwa na nyayo za kutoka mashariki, na nyayo za kutoka magharibi, na zote zilikuwa za mguu uleule unaochechemea. Akatafuta unyayo wa Chui mpaka nyuma ya kiti cha mfalme. Hakuuona.

"Mawakili wawili, miguu minne," Sungura akajisemea. "Hesabu hii imenishinda."

Hakupiga kelele. Sungura hana tabia hiyo. Kwanza alikwenda kwa Bi Mhanga akamweleza yote. Mama wa watu akakaa chini. Alilia kwa hasira, kilio cha mtu aliyechimba mifupa ya kumlisha anayemuua mwanawe.

"Nimwambie Ngiri?" akauliza.

"Ukimwambia Ngiri atakimbia kumpiga Fisi pembe, na Fisi atasema amesingiziwa. Wewe kesho njoo na mkia wako wa pofu, uunyanyue juu ya boma mahali atakapouona. Na kamba ya mkwaju uifunge fundo lisilofunguka, sio la mapambo." Kwa Ngiri alisema hayohayo kuhusu paja, bila maelezo. Ngiri akasema, "Kufunga nafunga tangu zamani, usinifundishe."

Kisha akaenda kufagia miguuni pa Simba, taratibu, akiguna.

"Unaguna nini?" akauliza Simba.

"Hakuna, Bwana. Mimi mfagiaji tu. Maneno ya watu huko nje."

"Maneno gani?"

"Wanasema ng'ambo ya milima kuna simba mwingine. Eti yeye kesi moja, siku moja. Nimewakatalia. Nimewaambia, huyu wetu si kwamba hawezi, ila anapenda kukaa."

Masikio ya Simba yalikuwa yamegeuka rangi. "Kesho natoa hukumu," akasema. "Hata shahidi awe anazaliwa."

Kesho yake Fisi akaingia, na kabla hajafungua kinywa Simba akanguruma, "Hakuna kuahirisha. Mawakili, kila mmoja mlangoni kwake. Asiyekuwepo, mteja wake ameshindwa."

Hapo Fisi angeweza kumwacha mteja mmoja ashindwe, akabaki salama na mwingine. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini mashariki aliuona mkia wa pofu ukining'inia juu ya boma, na magharibi aliliona paja. Tumbo likamwambia, wewe ni mwepesi, utawahi.

Akakimbilia mashariki. "Nipo, Bwana!" kwa sauti nyembamba. Mhanga akamfunga mguu wa kulia. Fisi, macho kwenye mkia, hakujali. Akachomoka na kamba nyuma, Mhanga akimwachia polepole. Akafika magharibi. "Nipo, Bwana!" kwa sauti ya kukwaruza, akitweta. Ngiri akamfunga mguu wa kushoto.

"Sauti ya Chui imechoka," akasema Simba, bado ameupa mgongo uwanja. "Wa mashariki, uko palepale?"

Fisi akageuka akimbie. Ngiri akaona wakili wake anaondoka kabla paja halijakabidhiwa wala hukumu haijasomwa. Akavuta. Mhanga upande wake akaona kamba imekaza. Naye akavuta. Na mhanga akivuta, ndugu yangu, anavuta kwa mikono iliyochimba siku tisa.

Fisi akasimama katikati ya uwanja, mguu mmoja unaelekea mawio na mwingine machweo, tumbo chini kwenye vumbi. "Nipo, Bwana," akasema nyembamba. "Na mimi nipo," akasema kwa kukwaruza. Halafu sauti zote mbili zikasema kwa pamoja, "Mama yangu nakufa."

Simba aligeuka. Hakuna simba wa ukoo ule aliyewahi kugeuka tangu siku ya pundamilia. Akamtazama Fisi kwa muda.

"Ninyi mko wangapi?"

"Leo tuko mmoja, Bwana. Mwenzangu ameniachia kazi."

"Na jana?"

Sungura, ambaye siku hiyo hakuna aliyekumbuka kumfukuza, akasema kutoka pembeni, "Nyayo za jana sijazifagia, Bwana. Zipo."

Simba akaona aibu, na aibu ya mwenye kiburi ni nzito. Vikao vyote sita alichezewa mchezo na akautikisia kichwa. Akaita wenye shauri waingie, wote wawili, waseme kwa vinywa vyao.

"Anataka kukifukia kisima," akasema Ngiri.

"Mimi nifukie nilichochimba? Wewe ndiye unayetaka kukifukia."

"Nani kakwambia?"

Wote wawili wakatazama chini, kwenye mchanga, pale Fisi alipolala.

"Mimi nataka maji tu," akasema Ngiri, na sauti yake ikapungua. "Na kugaagaa kidogo."

"Kunywa ningekupa siku ya kwanza. Kugaagaa, hapana. Mwanangu anywe tope?"

Ngiri akafikiri. Ilimgharimu, lakini alifikiri. "Basi nitagaagaa kando, kwenye maji yanayomwagika."

Kesi ikaishia hapo. Vikao sita, na maneno yenyewe hayakumaliza pumzi mbili. Mhanga hakungoja kusomewa. Alikwishaondoka mbio kwenda kuiondoa miiba, na mwanawe akanywa amelala ubavu, kwanza kidogo, kisha mpaka tumbo likawa kama kibuyu.

Simba akaweka kanuni mpya. Wakili ana mteja mmoja na mlango mmoja. Wenye shauri wataingia ndani wasikie wanavyosemewa, na mfalme atawatazama, ila lazima awe ameshiba. Na asiye na chonge naye aseme, kwani chonge hazijawahi kukata kesi. Sungura akaingizwa siku hiyohiyo. Kobe naye aliposikia akatuma maombi kwa mkono wake mwenyewe, hayajafika bado.

Wapo wanaosema ndiyo siku Fisi alipoanza kuchechemea. Uongo huo. Alichechemea tangu zamani, nyayo zilisema. Kilichobadilika ni kazi: alinyang'anywa uwakili akapewa ufagio, na mpaka leo anafagia uwanja ule. Akifika katikati husimama, akanusa mashariki, akanusa magharibi, asijue aanzie wapi. Ndipo Mhanga, akipita na mwanawe kwenda kisimani, humwonyesha mtoto kwa pua yake ndefu na kumwambia: njia mbili zilimshinda fisi.