Blanketi la Shangazi Nakiete

Shukrani ya madhabahuni haifiki jikoni.

Naapa kwa jino langu hili moja lililobaki upande wa kushoto, habari ya methali hii ni kweli tupu, tangu kichwa hadi mkia. Mahali utakapoona pamezidi chumvi, ujue chumvi hiyo ilikuwamo tangu siku yenyewe.

Vijana wa kwaya walinijia barazani Krismasi hii, ibada ilipokwisha. Mzee wa kanisa alikuwa amesoma majina ya wafadhili hadi koo likamkauka, na mama mmoja pale nje akaitema methali hiyo kama mtu anavyotema mbegu ya chungwa. Vijana hawakuielewa. Wakaja kuniuliza imetoka wapi. Nikawaambia kaeni, na mwenye joho alikunje vizuri, mama yake asije akanidai sabuni. Mwanzo wake, nikawaambia, ulikuwa huu.

Hapa hapa Ikondoa, huku kwetu milimani Upare, aliishi mwanamke aliyeitwa Nakiete. Hakujaliwa kuzaa. Kaka yake na wifi yake walifariki wakamwachia mtoto wa kiume, Elinihaki, ambaye hata meno alikuwa hajaota. Wakaacha na nyumba, migomba, kahawa kidogo, na bonde zuri la tangawizi. Nakiete alihamia katika nyumba ile, akamfunga mtoto mgongoni, akashika jembe.

Sasa ninyi mnawajua watu wa milimani. Mvua ikichelewa tunanong'ona, ikiwahi tunanong'ona. Ikasemwa kwamba Nakiete hakumfuata mtoto, alifuata bonde. Yakasemwa na mengine mabaya zaidi, juu ya kifo cha kaka yake, ambayo sitayarudia siku ya Krismasi. Akipita njiani na kikapu cha tangawizi kichwani, wanawake walimsalimu kwa adabu zote, kisha wakageuka kutazamana. Kanisani, nafasi iliyokuwa karibu naye kwenye benchi ndiyo iliyokuwa ya mwisho kujaa. Hata wanaochelewa walitangulia kuangalia kama kuna pengine pa kujibanza.

Yeye hakujibu. Alilima. Tangawizi ile ilimsomesha Elinihaki shule ya msingi, ikamsomesha sekondari, ikampeleka chuo. Watu husema alilima usiku na mchana, hata jembe likaisha akawa analima kwa mpini. Kijana akafaulu, akaenda Dar es Salaam, akawa mtu wa ofisi yenye kiyoyozi, mtu ambaye akikohoa wengine wanaandika.

Mwaka mmoja Elinihaki akapata ajali ya gari, akatoka mzima. Kabla vumbi halijatulia, akapandishwa cheo. Akampigia simu shangazi yake.

"Shangazi, Krismasi hii nakuja kutoa shukrani. Nitakuita mbele ya usharika wote, niseme ulivyonilea, na mchungaji akuombee."

Mnazijua shukrani zetu. Familia inashona sare, inaingia kanisani ikicheza hadi mbele, mwenye shukrani anasema neno lake, anayeshukuriwa anafunikwa blanketi la heshima, mchungaji anaomba, kisha usharika mzima unaalikwa nyumbani kula. Nakiete alipoweka simu chini, alikwenda kwa jirani yake, mama Kiondo, akavuta kigoda akaketi. Kisha akasema:

"Zawadi sihitaji, mama Kiondo. Nataka aseme tu, mbele yao, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba mimi sikumfuata kwa ajili ya bonde. Akisha kusema yeye, nani atabaki na neno?"

Hilo ndilo alilolitaka maishani mwake. Hakutaka jingine.

Elinihaki akaja na magari, na mkewe mama Joyline, na majora ya kitenge cha zambarau. Kila mtu wa familia akashonewa sare. Ya Shangazi ilishonwa na kilemba chake. Akaitundika ukutani, akawa anaiangalia kila akipita, kama mtu aliyetundika picha ya rais.

Asubuhi ya Krismasi mambo mawili yakatokea. La kwanza, mpishi aliyekodiwa kutoka mjini alikuwa ameusherehekea mkesha kwa dengelua, pombe yetu ya miwa, hata akawa hajui sufuria ni ipi na ndoo ni ipi. La pili, bosi wa Elinihaki aliwasili na mkewe bila kutegemewa. Mama yule alikuwa mnene mwenye cheko la karibu, hana hatia yoyote. Aliposhuka tu kwenye gari akasema, "Jamani sare nzuri hizi! Mimi yangu iko wapi?"

Mama Joyline akaingia jikoni mbio.

"Shangazi, shikamoo tena. Samahani sana, Shangazi yangu. Mke wa bosi hana sare. Nimwazime yako kidogo?"

"Na mimi?"

"Wewe si uko jikoni kwanza? Humu kuna moshi, Shangazi, itaharibika. Tuangalizie tu nyama na pilau hadi tupate mtu mwingine. Kabla ya shukrani tunatuma gari likufuate. Una lile gauni lako jeupe, unapendeza nalo."

Nakiete akaangalia masufuria. Yalikuwa makubwa hivi kwamba mbuzi mzima akitumbukizwa alionekana kama panzi. Akaangalia ukuta, akaitoa ile sare kwenye msumari, akampa.

"Msinisahau," akasema.

"Tutakusahauje, Shangazi!"

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Gari la kumfuata Shangazi lilikuwapo, na dereva alikuwapo, lakini nyuma yake walishaegesha wageni, na nyuma ya wageni wameegesha wageni wengine. Dereva akazunguka mara mbili akiuliza gari hili la nani, kisha akaingia kusikiliza kwaya. Kutoka kanisani hadi nyumba ile ni mteremko tu wa kupita kwenye migomba. Hakuna aliyewaza miguu.

Na sasa nisikilizeni. Juu ya mnara walikuwa wamefunga spika mpya, zenye sauti ya kuwafanya kuku wa kijiji cha pili wasahau kutaga. Kwa hiyo Nakiete, pale jikoni katika gauni lake jeupe lililokwisha kuwa la kijivu, alisikia kila kitu. Alisikia familia ikiingia kwa matarumbeta. Alisikia Elinihaki akimshukuru Mungu, akamshukuru baba askofu ambaye hakuwapo, akamshukuru bosi, akamshukuru mke wa bosi, akawashukuru madaktari. Mama Kiondo alikuwa amebaki naye kumenya vitunguu, na yeye ndiye aliyesimulia kwamba Shangazi alisimama, mwiko mkononi, akawa hageuzi tena.

"Na sasa," spika zikasema, "namwita mama yangu mlezi. Bila yeye nisingekuwapo. Shangazi Nakiete, njoo mbele!"

Kule kanisani Elinihaki aliita huku amewageukia wageni. Mchungaji alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu wakati wa mavuno, hamjui Nakiete hata kwa sura. Akaona mbele yake mama wa makamo katika sare ya zambarau, amekaa jirani na mke wa Elinihaki. Akamshika mkono. Mke wa bosi alidhani wageni ndio wanaoheshimiwa hivyo huku milimani. Akainuka akicheka, akipunga mkono kila upande. Mchungaji akamfunika mabegani blanketi jipya, zito, lile lililonunuliwa kwa ajili ya Shangazi.

Elinihaki akageuka, akaona.

Akafungua mdomo. Akamwangalia bosi wake, ambaye alikuwa ameinua simu anapiga picha, uso umejaa furaha. Akaliangalia blanketi. Mtu atamvuaje blanketi mke wa bosi wake, mbele ya madhabahu, siku ya Krismasi? Akafunga mdomo. Akainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Wale wa Ikondoa walijua wote. Manung'uniko yakapita kwenye mabenchi kama upepo kwenye mahindi. Mzee Senzota, mzee wa kanisa, akaanza kuinuka. Jirani yake akamvuta koti.

"Kaa chini, mzee. Utaharibu siku ya watu."

"Lakini huyo siye!"

"Tunajua siye. Pilau inapoa."

Mzee Senzota akakaa. Mchungaji akaweka mikono juu ya kichwa cha mke wa bosi, akamwombea mama huyu aliyemlea yatima bila kutamani chochote, na kanisa zima likaitikia Amina, kubwa, iliyoshiba kabla ya chakula.

Jikoni, Nakiete aliisikia sala yote. Alisikia vigelegele. Alisikia Amina. Mama Kiondo akamshika bega, akamuuliza, "Wanamwombea nani, dada?"

"Mimi," akajibu. "Nyama inaungua, sogeza kuni."

Watu wakaja, wakala. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema tumpigie makofi Bwana Elinihaki kwa chakula kitamu, na makofi yakapigwa. Mke wa bosi alikaa mezani na blanketi lake mabegani, jua linawaka, naye hataki kulivua, amelipenda. Elinihaki akakwepa wageni, akaenda hadi mlango wa jikoni. Hakuingia, kwa sababu ya suti.

"Shangazi."

"Naam, baba."

"Nilikuita."

"Nilisikia. Milima yote imesikia."

"Sasa kwa nini hukuja? Umeniacha pale mbele nimeaibika, sijui la kufanya!"

Shangazi akamwangalia. Moshi ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu, kwa hiyo hakuna ajuaye kama kulikuwa na jambo jingine.

"Ningekuja na nguo ipi, Elinihaki?"

Akalitazama gauni lile la kijivu. Kisha akasema haraka, kama mtu anayelipa deni kwa ahadi, "Nitasema tena mwakani. Nitanunua blanketi jingine, zuri kuliko lile."

"Blanketi ninalo. Ungesema leo. Ungesema tu, 'Siye huyu.' Maneno mawili, baba."

"Ni mke wa bosi wangu, Shangazi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi?" Akacheka, cheko la kukata. "Mimi walinisema miaka yote hii kwa ajili yako, na sikukuvua mgongoni."

Wanawake waliokuwa wakiosha sahani wakaacha kuosha. Elinihaki akatoa kitambaa akajifuta jasho. Ndipo Nakiete akamwambia, bila kupaza sauti, "Rudi kwa wageni wako. Shukrani ya madhabahuni haifiki jikoni."

Hapo ndipo ilipozaliwa. Wale waosha sahani waliibeba jioni ile ile, na Mwaka Mpya ulipoingia ilikuwa imekwisha kushuka hadi tambarare.

Msidhani kwamba maneno ya watu yalikoma. Yaliongezeka. Pilau ikiwa bado kwenye kucha zao, walisema, "Mmeona? Hata mtoto mwenyewe hakumtambua. Anajua shangazi yake alifuata nini." Ndiyo, watu wale wale waliojua siye.

Krismasi iliyofuata Elinihaki alikuja na mablanketi mawili. Akakuta mlango umefungwa. Mama Kiondo akampa ufunguo. Shangazi alikuwa ameteremka Same, kwa binti wa dada yake, tangu mvua za vuli. Aliondoka na sufuria moja na gauni lake jeupe. Bonde la tangawizi lilikuwa limepaliliwa hadi ukingoni, migomba imetolewa majani makavu, kahawa imekatiwa. Hakuchukua hata mche. Watu wakaenda kuliangalia bonde lile, wakasimama kando yake, kila mmoja anaangalia miguu yake. Waliyajua yale aliyotaka yasemwe, na yeye hayupo kuyasikia.

Elinihaki alifanya nini? Alikwenda kanisani, akaomba kipaza sauti, akalia, akasema yote. Spika zilikuwa na nguvu sana. Lakini hazifiki Same.

Nilipofika hapo vijana wakapiga makofi. "Asante, Babu! Unajua kusimulia, Babu!" Nami nikainamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu, kama inavyompasa mzee.

Navoneiwa, binti wa sauti ya pili, hakupiga. Akaniuliza, "Babu, mahubiri ya leo uliyaonaje?"

"Mazuri sana. Mchungaji amegusa mioyo."

"Na Bibi naye aliyapenda?"

"Mno! Alikuwa upande wa akina mama, na kile kitambaa chake cha bluu. Nilimwona anafuta machozi."

Mlango ukasukumwa kwa goti. Mke wangu Nanzia akatokea na sinia la wali, jivu limemfika hadi kwenye kope.

"Kitambaa gani cha bluu?" akauliza. "Mimi leo sijavuka hata ule uzio. Kwaya nzima umeialika jana bila kuniambia. Ulidhani wanakula methali?"

Nikainuka, nikapokea sinia.

"Nanzia, mke wangu, kwa kweli nakushuku—"

"Usinishukuru hapa mbele ya watu," akasema, akaketi kwenye kiti changu, akanyoosha miguu. "Sufuria kubwa imeungua chini. Mchanga wa kusugulia uko nyuma ya mlango."

Nikaenda. Sufuria ile, naapa tena, ilikuwa na ukoko mnene kuliko ukuta wa kanisa. Nilikuwa nimeinama, masizi yamenifika viwikoni, nilipowasikia barazani wakianza kwa sauti zote nne, "Shukrani ya madhabahuni..." Wakaacha pengo, wananisubiri.

Nikamalizia kutoka humo ndani: haifiki jikoni.