Ngoma ya Bi Pimbi Mlimani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasonga ugali na kugombana na majirani, Bi Pimbi alikaa mlimani katikati ya mawe. Mdogo kama kiatu, lakini mdomo wake! Acheni tu, watoto.

Siku moja ya kiangazi, saa sita mchana, Nyegere alikuwa akirina asali chini ya mlima. Nyuki wakamvamia. Akatimua mbio, kijinga cha moto akakiacha kwenye nyasi kavu. Moto ukashika, ukaanza kupanda mlima, tatata! tatata!

Bi Pimbi akaona moshi. Moyo ukamlipuka! Ndani alikuwa na watoto wanne, wote wana tetekuwanga, hata kusimama hawawezi. Kuwabeba wote asingeweza.

"Uwiii! Moto! Jamani, moto!"

Tembo, Kifaru na Nyati walikuwa wanakula majani hapo karibu tu. Wakasikia. Wakajipanga kwenda. Kisha wakabaki wamesimama. Kwa sababu desturi yao ilikuwa hivi: yowe likilia, mkubwa kwa umri ndiye hutangulia. Mdogo akitangulia, hana adabu.

"Mkubwa ni mimi," akasema Tembo. "Nipisheni."

"Wewe?" Kifaru akafoka. "Wewe ulipokuwa unanyonya, mimi tayari nina pembe!"

"Pembe! Nilimbeba baba yako mgongoni!"

"Na mimi mbona hamniulizi?" akalalamika Nyati.

Bi Pimbi akafika mbio, anahema. "Shikamooni, wazee wangu! Moto unakuja, wanangu wako ndani!"

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Tembo. "Subiri kidogo, tunatafuta wa kutangulia."

Bi Pimbi alitaka kulia. Machozi yalishamlenga. Halafu akafuta pua, akacheka kwa nguvu.

"Haya, tuuache moto. Mmesikia maneno ya Kiboko? Anasema ninyi watatu ngoma hamjui! Eti mkikanyaga, hata vumbi halitoki!"

"Nini?" wakanguruma wote.

"Eti nyasi zinainuka tena, kama zimekanyagwa na kuku."

"Kuku! Uwanja uko wapi?"

"Pale, chini ya mawe yangu. Mcheze toka korongoni mpaka kwenye lile jabali. Ila mstari mmoja, bega kwa bega, hakuna wa kutangulia. Atakayebakiza jani limesimama, kashindwa!"

Wote wakakimbilia pale. Bi Pimbi akanyakua sufuria ya uji mlangoni kwake, akaigonga kwa mwiko. Ti-ti-ti! Ti-ti-ti!

"Kanyaga, mzee! Geuka! Kanyaga!"

Gidi! Gidi! Gidi! Mlima ukatetemeka. Tembo alikata kiuno, masikio yakipiga pwa! pwa! Kifaru alizunguka akachimbua mizizi. Nyati alisikia nywele za mkia zinanuka kuungua, akadhani ndiyo jasho la ngoma.

"Rudieni! Naona jani moja hapo!" Hakukuwa na jani lolote.

Moto ukafika unanguruma. Mbele yake, toka korongoni mpaka kwenye jabali, palikuwa na udongo mtupu. Ukatafuta nyasi huku, ukatafuta kule, hakuna. Ukanywea. Fyuuu! Ukafa.

Bi Pimbi akakaa chini, akalia kwa furaha, sufuria mapajani.

Tembo akatazama huku na huku. Upande mmoja majivu, upande wa pili nyumba na watoto wanne wenye madoadoa, wametambaa mpaka mlangoni, wanachungulia.

"Kwani moto umekwenda wapi?"

"Mmeuzima kwa miguu yenu, wazee wangu. Asanteni sana. Na hakuna aliyetangulia."

Wakubwa wakatazamana. Kisha Kifaru akakohoa.

"Sawa, tumekuelewa. Lakini ngoma kashinda nani?"

"Aliye mkubwa kwa umri," akasema Bi Pimbi, akaingia ndani kuwakorogea wanawe uji.

Wale watatu wakaanza tena kubishana, na kama hawajachoka, wako pale pale mpaka leo.

Basi, watoto, mkisikia yowe la moto, kimbieni kusaidia. Umri mtaulizana majivu yakishapoa.