Povu la Hoza

Povu si usafi. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule fundi aliyejisifu kabla hajamaliza kazi, mkacheka, na sasa mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia kwenye nepi, kwa hiyo asiyependa habari za nepi na azibe masikio.

Huko milimani Lushoto alikuwapo seremala mmoja kijana, Hoza. Mkewe, Mwanaisha, alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, desturi ilitaka arudi kwa mama yake akalelewe huko mpaka arobaini. Hoza akakataa katakata, maana hata siku moja hakutaka kukaa mbali na mtoto wake. Akamwambia mama mkwe, Bi Hidaya, "Mama, niachie mimi. Kupika nitapika, na kufua nitafua." Bi Hidaya alimtazama kuanzia utosini mpaka unyayoni, kisha akakubali shingo upande.

Basi akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Raya, na Hoza akafua. Ee, yule mtu alifua. Alisugua sabuni ya mche kwenye nepi kama anayepiga randa ubao, mpaka povu likafurika karai na kumwagikia miguuni. Wapita njia walisimama kutazama, naye akazidi kusugua. Lakini kisima kilikuwa bondeni, na kilima kikali. Kwa hiyo akishamaliza mbwembwe zake alizichovya nepi kwenye ndoo moja, mara moja tu, akazikamua na kuzianika. Zilikuwa nyeupe pe. Alisimama kando ya kamba akiziangalia, roho yake kwatu.

Siku ya kumi mtoto akaanza kulia, hapati usingizi. Bi Hidaya alipokuja Jumanne na kumfunua, alikuta mapaja mekundu, yamejaa vipele. Wala hakupandisha sauti.

"Mkwe wangu, hizi nepi unazifua kweli?"

"Nazifua, mama, tena kwa sabuni tele."

"Basi nakupa mpaka Ijumaa. Nikikuta mapaja bado yako hivi, nawachukua wote wawili wakamalizie arobaini kwangu."

Hoza aliingiwa na hofu. Unadhani alifanya nini? Akaongeza sabuni. Jumatano mche mzima, Alhamisi mche na nusu. Na vipele navyo vikaongezeka. Mtoto analia, mama yake analia, na Hoza kule uani anasugua huku machozi yakimdondokea karaini.

Ijumaa Bi Hidaya akapanda kilima, kanga mbili za kumbebea mtoto ziko kwapani. Alikuwa ameingia uani tu, mvua ikashuka. Hoza akatoka mbio kuanua nepi alizoanika asubuhi, akasimama palepale. Kamba nzima ilikuwa inatoa povu. Kila nepi ilitiririsha povu jeupe, likashuka kwenye majani, likateleza mpaka miguuni kwa mama mkwe.

Bi Hidaya akalitazama povu, akamtazama mkwewe. Kisha akaangua kicheko mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Hoza, mwanangu, kumbe umekuwa ukimvisha mjukuu wangu sabuni."

"Mimi nilidhani povu likizidi ndio usafi, mama," alisema Hoza, kichwa chini. "Sasa utawachukua?"

"Kwanza lete ndoo zote ulizonazo. Leo Mungu kakuletea maji mpaka mlangoni."

Wakakinga maji ya paa. Wakasuuza, wakamwaga, wakasuuza tena, wote wamelowa chapachapa na Mwanaisha akiwacheka dirishani. Hawakuacha mpaka maji yakabaki maangavu na kitako cha karai kikaonekana. Bi Hidaya akakaa nao siku tatu, akihakikisha. Jumatatu mapaja ya Raya yalikuwa yamepoa, na mtoto akalala mchana kutwa. Hoza aliacha kazi zake akaketi kumsikiliza anavyopumua. Alikuwa na furaha hata chakula akasahau.

Bi Hidaya akashuka kilima peke yake. Majirani wakamuuliza, "Vipi tena, si ulikwenda kumchukua binti yako na mtoto?"

"Nimewaacha kwao," akasema. "Baba Raya amejua kusuuza. Na ninyi wenye watoto, sikieni: povu si usafi."