Fisi na Wimbo wa Kucha

Sogeeni, na mwenye kiu anywe kabisa kabla sijaanza, maana hii ni hadithi ya ukame. Mito yote ilikauka, yakabaki maji ya pango moja. Jiwe la mlangoni nalo lilikuwa na maringo: halikufunguka, uwe unaingia au unatoka, mpaka uliimbie wimbo wa kumsifu Simba.

Simba aliishi kilimani, mbali. Ili wasipande kumuuliza kila mara, wanyama waliuweka wimbo kichwani. Lakini Simba, kwa majivuno yake, aliubadilisha kila alipogundua uzuri mpya mwilini mwake. Hapo Fisi, mpiga mbiu, alitakiwa kuzunguka akipaza sauti, "Sahauni!" Kila mmoja aliutupa wimbo wa zamani, akapanda kuchukua mpya.

Siku Simba alipozisifu kucha zake, Fisi alinyamaza kimya. Wenzake waliimba wimbo wa zamani, ule wa meno, mpaka sauti zikakauka, na jiwe halikutikisika. Mtoto wa Bi Swala hakuweza tena kusimama.

"Bwana Fisi, wimbo umebadilika?" Bi Swala akauliza huku akilia.

"Haujabadilika, mama. Mnaimba vibaya tu!" Fisi akajibu, maji yakimcheza tumboni.

Sungura akalisikia tumbo hilo. Alingoja Fisi aingie tena pangoni, akapanda kilima mbio.

"Shikamoo, mzee! Hivi manyoya yako ya shingoni hayana wimbo?"

"Marahaba. Lo! Nimeyasahauje?" Simba akatunga papo hapo, akateremka mwenyewe kuusikia ukiimbwa. Sungura akapiga mbiu kila mahali, isipokuwa pangoni.

Wanyama wakakusanyika mlangoni. Ndani, Fisi aliyeshiba alikuwa akiimba ili atoke: "Kucha za Simba, kucha za Simba!" Jiwe kimya. Akaimba kwa kubembeleza, kisha kwa kilio.

"Wimbo wa kucha?" Bi Swala akashangaa. "Mbona sisi hatujawahi kuusikia?"

Simba akanguruma. Wote wakaimba wimbo wa manyoya, jiwe likafunguka, Fisi akatoka maji yakimchuruzika kidevuni. Mtoto wa Bi Swala akanywa, akanywa, akaruka kwa furaha na kumkanyaga Fisi mkia. Walicheka mpaka wakagaragara!

Mbiu akapewa Sungura. Fisi akakatazwa kuweka wimbo wowote kichwani. Sasa akishikwa na kiu hupanda kilimani kuuliza, na Simba, kwa raha ya kupata msikilizaji, humwimbia nyimbo zote tangu ule wa kwanza, wa mkia. Fisi hushuka mbio, ulimi nje. Akikaribia pango, humsikia Sungura akipaza sauti:

"Sahauni!"